Taa za Kabati Zinazowaka Zenyewe: Jinsi ya Kuziendesha Bila Betri Ndogo

Taa ndogo za LED zinazowaka zenyewe mlango wa kabati unapofunguliwa zimekuwa bidhaa ya kawaida madukani. Hubandikwa kwa gundi au sumaku ndani ya kabati la vyombo, kwenye rafu za duka, au ndani ya kabati la dawa. Mtu akisogeza mkono, taa inawaka; akiondoka, inazima baada ya sekunde 15 au 20. Kwa mkazi wa wadi ya Sangailu, eneo bunge la Ijara, ambako nyumba nyingi hazijafikiwa na nyaya za umeme, taa ya namna hii inasaidia sana. Mama anayeamka kupika daku haamshi nyumba nzima, na mwenye duka hashiki simu kwa mkono mmoja akipima sukari kwa mwingine.

Malalamiko huanza baada ya wiki chache. Taa inafifia, kisha inazima, na betri zinazohitajika ni zile nyembamba za AAA ambazo si kila duka huziweka. Bidhaa za Sangailu hutoka mbali, kupitia Masalani na Garissa, na mvua zikizidi barabara hazipitiki. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 ziliwakumbusha wakazi wa kaunti hii jinsi bidhaa ndogo inavyoweza kuadimika kwa wiki kadhaa. Taa ya kabati ikizimika nyumbani ni usumbufu tu. Katika zahanati, usiku mama akiwa amejifungua na muuguzi anatafuta chupa sahihi ya dawa kwa mwanga wa simu aliyoibana kwa kidevu, huo si usumbufu tena.

Somo hili linaeleza jinsi taa hizo zinavyoweza kuendeshwa bila betri hizo ndogo, kwa vifaa ambavyo vingi vinapatikana tayari katika nyumba zenye sola.

Betri huisha upesi kwa nini

Betri moja ya AAA ya alkali ina volti 1.5 na uwezo wa takriban miliampia-saa 1,000. Taa nyingi za kabati hutumia betri tatu zilizofuatana, kwa hiyo hupata volti 4.5. Hapa wengi hudhani kwamba betri tatu zina uwezo mara tatu, yaani 3,000. Sivyo. Zikifuatana mmoja nyuma ya mwingine, volti ndizo zinazojumlishwa. Uwezo unabaki 1,000.

Chukua taa inayotumia miliampia 150 ikiwaka, kwa sekunde 20 kila inapowashwa. Kabati likifunguliwa mara 30 kwa siku, taa huwaka sekunde 600, yaani dakika 10. Hiyo ni miliampia-saa 25. Lakini kihisi hakilali hata taa ikiwa imezima. Kikitumia miliampia 0.1 tu, kwa saa 24 huongeza 2.4. Jumla ni 27.4 kwa siku, na betri mpya zitakwisha baada ya siku 36 hivi. Kwa mwaka, taa moja hubadilishiwa betri mara 10, yaani betri 30. Nyumba yenye taa nne hutupa betri 120. Mwenye taa anaweza kuzidisha mwenyewe kwa bei ya dukani kwake.

Hesabu hii ni ya kabati lenye mlango. Taa ikibandikwa kwenye rafu iliyo wazi, mahali watoto na paka wanapopita, itawaka mara mia kwa siku na betri hazitamaliza wiki mbili. Betri za bei ya chini kabisa, zile za zinki na kaboni, zina uwezo mdogo zaidi ya hizo za alkali na hutoa majimaji mapema, yakala vyuma vya ndani ya taa.

Kihisi kinavyofanya kazi, na joto la Garissa

Kihisi cha taa hizi hakioni mwendo kama jicho linavyoona. Kinahisi joto. Kila kitu chenye joto hutoa miale isiyoonekana, na ndani ya kihisi mna kipande cha fuwele kinachotoa umeme mdogo sana miale hiyo inapobadilika ghafla. Ule mfuniko mweupe wenye vijisehemu kama sega la asali ni lenzi ya plastiki inayoigawa sehemu ya mbele katika vipande. Mkono ukipita kutoka kipande kimoja hadi kingine, joto linaloingia hubadilika, na taa inawashwa.

Kutokana na hilo, mambo mawili yanawahusu wakazi wa kaunti hii kuliko walio Nairobi au Nyahururu.

La kwanza ni joto la hewa. Ngozi ya mkono ina joto la nyuzi 33 hadi 35 hivi. Katika miezi ya joto joto la mchana Garissa hufika nyuzi 36 au zaidi, na chini ya paa la bati lisilo na dari linapanda kupita hapo. Ukuta ukiwa na joto sawa na mkono, kihisi hakioni tofauti yoyote, na taa haiwaki hata mtu akipunga mikono yote miwili. Wengi huitupa taa wakidhani imeharibika. Ikisubiriwa hadi saa nne usiku, nyumba ikipoa, inarudi kufanya kazi. Kwa matumizi ya usiku tu kasoro hii ni ndogo. Chumba kisicho na dirisha kinachohitaji mwanga mchana kinafaa swichi ya mlango, ambayo imeelezwa mbele.

La pili ni kioo. Miale ya joto la mwili haipiti kwenye kioo cha kawaida. Kabati la dawa lenye milango ya kioo likiwekwa taa ndani, muuguzi atasimama mbele yake na kuona giza mpaka afungue mlango. Hiyo si hitilafu, na wakati mwingine ni faida, kwa sababu taa haiwashwi na kila mpita njia.

Kihisi kisielekezwe kwenye jiko, birika la chai au dirisha linalopigwa na jua. Mdudu akitembea juu ya lenzi yenyewe naye huweza kuiwasha taa, kwa hivyo lenzi ifutwe mara kwa mara.

Maana ya kusema bila betri

Hapa pana jambo la kuwekwa wazi kabla mtu hajatumia pesa. Paneli ya sola haitoi umeme usiku, na taa ya kabati inahitajika usiku. Kwa hivyo nyumba isiyo na umeme wa nyaya haiwezi kukwepa kuhifadhi nguvu mahali fulani. Kinachowezekana, na ndicho chenye faida, ni kuondoa betri ndogo ndani ya kila taa na kutumia betri moja kubwa ya sola ambayo tayari iko nyumbani na inachajiwa na jua kila siku.

Mpango huo si mgeni. Ndio unaotumika katika vifaa vya sola vinavyolipiwa kidogo kidogo kwa simu, ambavyo vina sanduku moja lenye betri na taa kadhaa zilizounganishwa kwa waya. Ndio pia ulio katika sanduku la sola la hospitali lililobuniwa na daktari wa uzazi Laura Stachel na mumewe Hal Aronson, baada ya daktari huyo kushuhudia mwaka wa 2008 nchini Nigeria akina mama wakizalishwa gizani. Taa kuu za sanduku hilo hazina betri ndani yake. Zote hunywa kutoka betri moja.

Kaunti ya Garissa nayo inaujua umeme wa jua kwa kiwango kikubwa. Kituo cha sola kilichozinduliwa karibu na mji wa Garissa mnamo Desemba 2019 kina paneli 206,272 na uwezo wa megawati 50, na umeme wake huingizwa kwenye gridi ya taifa. Ila gridi hiyo haifiki kila kijiji. Ndiyo sababu Garissa ni miongoni mwa kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa KOSAP, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao unashughulikia gridi ndogo, vifaa vya sola vya nyumbani, na mifumo ya sola kwa zahanati, shule na ofisi za serikali zilizo mbali na nyaya.

Kuunganisha taa kwenye USB ya sola

Tundu la USB hutoa volti 5. Betri tatu mpya za AAA, zikipimwa kwa mita, huonyesha karibu volti 4.8 kwa sababu betri mpya huwa na volti 1.6 hivi badala ya 1.5. Tofauti ni ndogo, lakini taa iliyotengenezewa volti 4.5 ikiachwa kwenye volti 5 miezi na miaka, tena katika joto, LED zake hufifia mapema. Dawa yake ni kipande kimoja cha bei ndogo kinachoitwa dayodi, namba 1N4007, ambacho hupatikana kwa mafundi wa redio au kung'olewa katika mbao za vifaa vilivyokufa. Umeme ukipita ndani yake hupungua takriban volti 0.7, na taa inapata volti 4.3. Taa ya betri nne, yaani volti 6, haihitaji dayodi. Kwa volti 5 itawaka kwa mwanga uliopungua kidogo.

Vinavyohitajika ni kebo kuukuu ya USB, dayodi moja, vijiti viwili vya mti, misumari miwili midogo ya skrubu, kisu na utepe wa umeme.

Kwanza betri zote zitolewe. Hili halina mjadala. Betri za kawaida zikiachwa ndani huku umeme wa nje ukiingia, zitachajiwa ilhali hazikutengenezwa kuchajiwa, na zinaweza kuvuja au kupasuka.

Kisha chumba cha betri kichunguzwe. Katika chumba cha betri tatu, vyuma vingi vimeunganishwa viwili viwili kwa bati. Viwili tu ndivyo vinavyosimama peke yake, kimoja bapa na kimoja cha springi. Kile bapa kilicho peke yake ndicho chanya cha taa nzima, na springi iliyo peke yake ndiyo hasi. Mwenye mita athibitishe kabla ya kuondoa betri: kati ya vyuma hivyo viwili atapata volti zote 4.5.

Vijiti vikatwe kwa urefu wa betri ya AAA, milimita 44 pamoja na kichwa cha skrubu, na unene wa milimita 10. Kila kijiti kitiwe skrubu upande mmoja. Kebo ya USB ikatwe upande wa simu na kuchunwa. Ndani mna waya mwekundu ambao ni chanya, na mweusi ambao ni hasi. Wa kijani na mweupe ni wa kupitisha data. Wakatwe kwa urefu tofauti na kufungwa utepe ili wasigusane. Baadhi ya kebo za bei nafuu hazifuati rangi hizi, kwa hivyo mita ndiyo shahidi wa mwisho.

Waya mwekundu uungwe kwenye dayodi, ule upande wenye mstari mweupe wa dayodi ukielekea kwenye taa. Ikigeuzwa, umeme haupiti kabisa, na hakuna kitakachoharibika. Kutoka dayodi, waya uzungushwe kwenye skrubu ya kijiti cha kwanza na kukazwa. Waya mweusi uzungushwe kwenye skrubu ya kijiti cha pili. Kijiti cha kwanza kiwekwe ili skrubu yake iguse kile chuma bapa kilicho peke yake. Cha pili kiguse springi iliyo peke yake. Nafasi ya katikati inabaki tupu. Springi zenyewe zitavibana vijiti, na hakuna haja ya kuchoma lehemu. Siku mwenye taa akitaka kurudia betri, anatoa vijiti tu.

Taa ikiunganishwa, iachwe dakika moja bila kuguswa. Vihisi vingi huhitaji muda wa kutulia baada ya kupata umeme, na katika muda huo huwaka na kuzima ovyo.

Urefu wa waya nao una athari. Kebo ya USB ina nyuzi nyembamba sana. Taa tatu zikitegemea kebo moja ya mita 3, zaidi ya nusu volti inaweza kupotea njiani, na taa ya mwisho itawaka kwa unyonge. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, ule wa nyuzi mbili wa spika za redio, kwa mita 10 na taa tatu hupoteza volti 0.3 hivi. Kwa masafa ya zaidi ya chumba kimoja, huo ndio unaofaa.

Betri ya volti 12 na chaja ya gari

Nyumba na maduka mengi yana mfumo wa paneli, kidhibiti cha chaji na betri ya volti 12, pasipo tundu la USB. Betri hiyo isiunganishwe moja kwa moja na taa ya volti 4.5 hata kwa kujaribu. Jua likiwa kali, volti zake hupanda hadi 14.4, mara tatu ya kile taa inachoweza kubeba, na LED huungua kwa sekunde chache.

Kifaa cha kushusha volti kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni chaja ya simu ya kwenye gari. Imetengenezwa kupokea volti 12 hadi 24 na kutoa 5. Ncha yake ya mbele ni chanya na vyuma vya ubavuni ni hasi. Inafaa ichukuliwe kutoka kwenye vituo vya matumizi vya kidhibiti, sio kwenye betri yenyewe, ili kidhibiti kiweze kukata umeme betri ikikaribia kuisha. Fyuzi ya ampia 1 iwekwe kwenye waya mwekundu, karibu na mwanzo wake. Betri ya volti 12 haimrushi mtu kama umeme wa nyumba, lakini nyaya zake zikigusana hutoa mkondo wa kutosha kuyeyusha plastiki na kuwasha makuti.

Watu hupanga nguvu ya sola kwa kuangalia taa, wakasahau kifaa cha katikati. Hesabu ya awali ilionyesha kwamba taa moja hutumia miliampia-saa 27.4 kwa siku. Kwa volti 5 hiyo ni wati-saa 0.137, taa nne ni wati-saa 0.55. Hiki ni kiasi kidogo mno. Kuchaji simu moja hadi ijae huchukua wati-saa 15 hivi, zaidi ya wiki tatu za taa zote nne. Chaja ya gari, ikiwa inakula miliampia 10 kwa kukaa tu bila kazi, hutumia wati-saa 2.9 kwa siku, mara tano ya taa zote inazozilisha. Nyumba yenye betri ya ampia-saa 7 haitafilisika kwa hilo, lakini siku za mawingu mfululizo tofauti itaonekana. Swichi ya kawaida kabla ya chaja, inayozimwa asubuhi na kuwashwa magharibi, hupunguza upotevu huo kwa nusu.

Kwa nini pawabenki haifai

Wengi hujaribu kwanza pawabenki ya simu, na wengi hushangaa. Taa inawaka mara moja, inazima, kisha haiwaki tena mpaka kitufe cha pawabenki kibonyezwe. Sababu ni kwamba pawabenki nyingi hujizima zikiona mkondo unaotoka ni mdogo kuliko miliampia 50 au 100, zikidhani simu imejaa. Kihisi kinachosubiri hutumia chini ya miliampia moja. Kwa hivyo pawabenki inalala, na taa inakufa pamoja nayo. Baadhi ya masanduku ya sola yenye tundu la USB yana tabia hiyo hiyo. Inafaa lijaribiwe usiku mmoja mzima kabla ya kuvuta nyaya ukutani: taa iunganishwe jioni na kujaribiwa saa tisa usiku.

Pia ziko taa zinazouzwa kwa jina la zisizo na betri kwa kuwa huchajiwa kwa USB. Hizo zina betri ya lithiamu ndani, imefichwa tu. Joto kali huidhoofisha betri hiyo. Taa ya namna hiyo ikivimba mgongo, isichajiwe tena wala kutobolewa.

Swichi ya mlango hushinda kihisi

Kwa kabati lenye mlango unaofungika vizuri, kihisi hakihitajiki kabisa. Swichi ya kifungo kama ile ya mlango wa friji, inayobanwa mlango ukifungwa na kuruka mlango ukifunguliwa, hufanya kazi hiyo hiyo. Haijali joto la chumba. Haina kinachokesha ndani yake, kwa hivyo haili umeme hata chembe mlango ukiwa umefungwa.

Ikiunganishwa na ukanda wa LED wa volti 12, hata chaja ya gari haihitajiki. Ukanda wa kawaida wenye LED 60 kwa mita hukatwa kila baada ya LED tatu, mahali penye alama ya mkasi, yaani kila sentimita 5. Kipande cha sentimita 30 hutumia wati 1.4 hivi. Kabati likifunguliwa dakika 10 kwa siku, ni wati-saa 0.24, na basi. Kasoro yake ni moja: mlango ukiachwa wazi usiku kucha, taa itawaka usiku kucha. Ukanda ununuliwe wa mwanga mweupe, usiwe wa rangi rangi, hasa panaposomwa maandishi ya dawa.

Penye umeme wa nyaya

Wakazi waliounganishwa na umeme, uwe wa gridi ya taifa au wa mtambo wa karibu, hawahitaji betri kubwa. Chaja ya simu kwenye soketi hutoa volti 5 zile zile, na maelezo ya vijiti na dayodi ni yale yale. Umeme ukipotea, taa nayo inapotea, kwa hivyo tochi ibaki mahali pake.

Hatari iko kwenye chaja yenyewe. Kati ya volti 240 za ukutani na kebo ya USB kuna utengano mdogo ndani ya chaja, na katika chaja bandia utengano huo ni dhaifu. Simu huunganishwa saa mbili kisha ikachomolewa. Taa ya kabati hukaa miaka, karibu na vyombo vya maji. Chaja iwe yenye alama ya ubora ya KEBS, na isifungiwe ndani ya kabati lisilopitisha hewa. Soketi mpya au waya wa volti 240 uwekwe na fundi mwenye leseni ya Halmashauri ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mafundi wa kufunga mifumo ya sola nao wanatakiwa kuwa na leseni, na mteja ana haki ya kuomba kuiona.

Katika zahanati

Kabati la dawa na la vifaa vya kujifungulia ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Umeme utolewe kwenye mfumo wa taa wa jengo, kwa idhini ya msimamizi wa kituo, na usiguse kamwe paneli za friji ya chanjo. Friji nyingi za chanjo za sola zinazowekwa siku hizi hazina betri kabisa. Huhifadhi ubaridi kwa kugandisha barafu mchana, na barafu hiyo hulinda chanjo usiku. Paneli zake zimepimwa kwa kazi hiyo peke yake. Taa moja ndogo haionekani kuwa mzigo, lakini waya ulioungwa vibaya ukikatiza umeme wa friji kwa siku mbili, hasara yake ni chanjo za watoto wa wadi nzima.

Muuguzi wa zamu aijaribu taa kila anapopokea zamu, kama anavyokagua gesi na glavu.

Betri zilizokwisha

Betri ndogo zilizotolewa zisitupwe uani wala kuchomwa pamoja na takataka. Hupasuka motoni. Zikusanywe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto, zipelekwe mjini mtu anaposafiri. Betri bapa za umbo la shilingi, ambazo ziko katika baadhi ya taa za kabati na rimoti zake, ndizo mbaya zaidi. Mtoto akimeza moja, inaweza kuchoma koo lake la chakula ndani ya saa mbili. Asisubiriwe kuitoa choo. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na kituo kipigie simu hospitali kubwa.

Betri kubwa ya sola ya asidi na risasi ina hatari nyingine ambayo mfugaji anapaswa kuijua. Ng'ombe na mbuzi waliokosa chumvi na madini hulamba na kutafuna vitu vya ajabu, na betri iliyovunjwa ni mojawapo. Risasi iliyo ndani yake humpofusha mnyama, humfanya azunguke na kugonga kichwa, na kisha humuua. Nyama na maziwa yake hayafai. Betri iliyokufa ibaki imefungwa, isimamishwe wima mahali pa juu, na irudishwe kwa muuzaji wakati wa kununua mpya, kwa sababu risasi yake ina soko na wauzaji wengi huipokea kwa bei ya kupunguziwa.